Bastola ya marehemu baba: tuing'arishe, tuiuze au tuiache ilivyo?

"Shikamoo mtaalamu. Baba yetu alifariki mwaka jana, na kwenye vitu alivyoacha kuna bastola yake ya zamani, alikuwa nayo kihalali tangu kabla sijazaliwa. Ubavuni imeandikwa Fabrique Nationale d'Armes de Guerre Herstal Belgique, chini yake Browning's Patent Depose. Miaka yote imekaa kwenye mkoba wake wa ngozi, na magazini ikiwa ndani. Rangi nyeusi imeisha sehemu nyingi, chuma kinaonekana cheupe, na kuna vidoa vya kutu upande mmoja. Kaka mkubwa anataka ikapigwe nikeli ing'ae kama mpya tuiweke kumbukumbu. Mjomba anasema tuiuze, ni chuma tu. Mimi nikifikiria kuiuza roho inauma maana jioni nilikuwa nakaa miguuni pake akiifuta na kitambaa chake cha njano, lakini sijawahi kuishika hata siku moja. Je nikitoa magazini inakuwa salama? Springi si zitakuwa zimekufa kwa kukaa na risasi miaka yote hiyo? Ina thamani yoyote? Na bado inaweza kupigwa?"

Marahaba binti yangu, na pole sana kwa kuondokewa na mzee. Barua yako nimeisoma mara mbili na hicho kitambaa cha njano kimenigusa, kwa sababu miaka yote niliyofanya ufundi wa silaha, watu wanaoniletea bastola za wazazi wao karibu wote wanaanza hivyo hivyo, hawaanzi na bastola yenyewe, wanaanza na mkono wa mtu, harufu ya mafuta, droo iliyokuwa inafungwa na ufunguo mmoja tu. Umeuliza mambo manne na nitayajibu yote, ila nikisoma vizuri naona hofu yako kubwa ni moja, kwamba kila mtu hapo nyumbani ana mpango na hii kitu na kila mpango unakuondolea kipande cha baba. Upo sahihi kuogopa. Mpango wa kaka ndo unaonitia wasiwasi kuliko hata wa mjomba, na nitaeleza kwa nini.

Lakini kwanza magazini, maana hilo haliwezi kusubiri. Hapana, kutoa magazini hakuifanyi bastola iwe salama. Magazini ni ghala tu, kazi yake kusukuma risasi juu. Slaidi, yaani hicho kipande kirefu cha juu kinachorudi nyuma, ikivutwa na kuachiwa inakokota risasi moja kutoka kwenye magazini na kuiingiza chemba, mwanzoni mwa mtutu, na ikishafika huko haina tena habari na magazini. Unaweza ukachomoa magazini, ukahesabu risasi zake zote mezani, na ile moja bado ipo inasubiri. Ajali za majumbani ninazozijua mimi nyingi zilianza na mtu kusema "haina kitu hii, nimeshatoa magazini".

Na hii ya baba yako ina jambo lake linalochanganya hata wazoefu. Maandishi uliyonitajia kiwanda hicho kiliyapiga pia kwenye bastola zake nyingine za zamani, kama zile za 1910 na 1922, kwa hiyo sina uhakika, ila nakisia ni ile inayoitwa Browning Hi-Power, picha ya wazi ya ubavu itamaliza ubishi, na mengi nitakayosema yanafuata kisio hilo. Hi-Power ilitoka kiwandani na kidude kidogo ndani kinachoikata triga isifanye kazi magazini ikiwa nje. Sasa mtu anatoa magazini, anavuta triga, kimya, anajiambia tayari ipo salama. Imenyamaza tu hiyo. Ukirudisha magazini, hata ikiwa tupu kabisa, triga inarudi kazini, na kama nyundo, kile kichuma cha nyuma kinachopiga ili risasi iwake, imerudishwa nyuma na chemba ina risasi, itatoka. Juu ya hapo kidude hicho kinafanya triga iwe nzito na ya kukwaruza, kwa hiyo wamiliki wengi walikuwa wanakiondoa kabisa, na kama mzee alikiondoa huwezi kujua kwa kuitazama nje.

Kwa hiyo naomba usiijaribu. Kama ipo mahali panapofungwa, funga, ufunguo ukae na mtu mzima mmoja basi. Kama ipo wazi, isogeze ikiwa ndani ya mkoba wake hivyo hivyo bila kuichomoa, vidole mbali na triga, mdomo wake usielekee kwa mtu, ukaifungie. Atakayekuja kuitoa risasi awe mtu wa kazi hiyo, na nikueleze atakavyofanya ili ukimwangalia ujue kama anajua: kidole nje ya triga muda wote, mdomo upande usio na mtu, anatoa magazini kwanza, anashusha sefti, kile kifungio kidogo cha usalama ubavuni, maana kwenye Hi-Power sefti ikiwa juu slaidi haivutiki, ndo anavuta slaidi hadi mwisho na kuifunga hapo, anatazama ndani ya chemba halafu anaingiza kidole kidogo aguse kama pana utupu kweli. Ukimwona anavuta slaidi kabla ya kutoa magazini mwambie aiweke chini, kwa sababu anatoa risasi moja na papo hapo anaingiza nyingine.

La pili ni sheria, na hapa familia nyingi nzuri zinaingia matatani bila kukusudia. Kibali kilikuwa cha baba, hakikuwa cha bastola. Sheria zinatofautiana nchi na nchi lakini sehemu nyingi kibali ni cha mtu binafsi na kinaishia pale mtu anapofariki, hakirithiwi kama shamba. Maana yake hata kama ilikuwa halali kabisa mikononi mwake, leo ipo nyumbani kwenu bila mwenyewe, na kila mwezi unaopita maelezo yanazidi kuwa magumu. Usiibebe kuipeleka mwenyewe, kubeba silaha barabarani bila kibali ni kosa lingine juu ya lile la kwanza. Nenda mikono mitupu kwa mamlaka inayotoa vibali vya silaha, beba cheti cha kifo, kibali cha zamani cha mzee kama kipo, na jina la msimamizi wa mirathi, waeleze ilivyo, waulize wanataka ikae wapi wakati familia inaamua. Risasi nazo zitaje, maana mara nyingi zina hesabu yake kwenye karatasi. Mwaka umeshapita, najua inatisha, lakini anayekwenda mwenyewe kusema anasikilizwa tofauti na anayekutwa nayo. Kama unaogopa sana pitia kwa wakili kwanza.

Haya, hayo mawili yakishakaa sawa ndo tunaweza kuizungumzia yenyewe, na hapa niwe mkweli kwamba naipenda sana bastola hii. Niliyoishika kwanza nikiwa mwanafunzi wa ufundi ilikuwa Hi-Power na mpaka leo nikifumba macho vidole vinakumbuka kile kishikio, kinakaa mkononi kama kilipimwa.

Aliyeianza ni John Moses Browning, Mmarekani, huyu huyu wa ile Colt M1911 maarufu. Alikuwa anafanya kazi na kiwanda cha FN, ndo hiyo Fabrique Nationale uliyoisoma ubavuni, kule Herstal, Ubelgiji, na jeshi la Ufaransa lilikuwa linataka bastola mpya inayobeba risasi nyingi. Shida ni kwamba haki za ubunifu wake wa nyuma zilikuwa mikononi mwa Colt, ikabidi azunguke, asirudie vitu vyake mwenyewe. Hakuimaliza. Alifariki tarehe 26 Novemba 1926 akiwa hapo hapo kiwandani. Kazi ikaendelea na Dieudonné Saive, Mbelgiji, na haki za Colt zilipoisha muda wake mwaka 1928 Saive akaweza kuchukua vilivyo bora vya 1911 akavichanganya na vipya. Ikatoka mwaka 1935. Magazini yake ilibeba risasi 13 zikiwa zimepangwa kwa kupishana, wakati bastola nyingi za wakati huo zilibeba 7 au 8. Vita ikaja, Wajerumani wakakiteka kiwanda mwaka 1940 wakaendelea kuitengeneza kwa ajili yao, na huku ng'ambo ya bahari Kanada ikaitengeneza kwa ajili ya upande mwingine, kwenye kampuni ya Inglis ya Toronto, kampuni ambayo baadaye watu waliijua zaidi kwa mashine za kufulia. Yaani bastola ile ile ilikuwa viunoni mwa maadui wa pande zote mbili. Baada ya vita ikaenda kwenye majeshi na polisi wa nchi nyingi mno duniani, na FN walikuja kusimamisha ile ya asili mwaka 2017.

Nakueleza haya yote kwa sababu yatakusaidia kujua ya mzee ni ya lini. Ikishatolewa risasi, mwombe fundi akuonyeshe kile kidole cha chuma kinachovuta ganda, kama kipo ndani ya slaidi hakionekani ubavuni ni ya kabla ya mabadiliko ya mwaka 1962, kama kinaonekana nje upande wa kulia ni ya baadaye. Aangalie nyundo kama kichwa chake ni cha duara chenye tundu au kirefu kama mwiba. Aangalie kama ina vialama vidogo vya tai na herufi WaA, hizo zilipigwa na wakaguzi wa Kijerumani wakati kiwanda kimetekwa, na jinsi vita ilivyosonga umaliziaji ulizidi kuwa wa haraka haraka, unaona mikwaruzo ya mashine ambayo FN wa amani wasingeiruhusu itoke mlangoni. Piga picha kila alama, kila namba. Namba ukiituma kwa mtu ambaye humjui, ziba tarakimu za mwisho.

Sasa nikeli. Hapa nakusihi, na mwonyeshe kaka asome hapa.

Watu wanadhani ule weusi wa bastola ni rangi kama ya gari, imechubuka unapaka nyingine. Sio rangi. Ni chuma chenyewe, ngozi yake ya juu imefanyiwa dawa ikageuka kuwa aina ya oksaidi nyeusi, binamu wa kutu kwa kweli, ila hii imetulia na inashika mafuta vizuri. Ni nyembamba sana ndo maana inaisha pale panapoguswa. Na ukitaka kupiga nikeli huanzi na nikeli, unaanza na gurudumu la kusugulia. Lazima kila kidoa na kila kishimo cha kutu kiondoke kwanza, kwa hiyo fundi anasugua chuma mpaka afike chini ya kutu, na akifika huko ameshakula kingo zilizokuwa kali zimekuwa za mviringo, mashimo ya pini yamepanuka midomo, na maandishi yale uliyonisomea, Herstal Belgique na mengine, yamebaki kama kivuli. Halafu tindikali, halafu nikeli. Ukijuta baadaye, nikeli inaweza kutolewa, ila chuma kilichosuguliwa hakirudi. Hata kwa upande wa pesa tu, wanaokusanya bastola za zamani wanalipia zaidi ile iliyochakaa kwa uaminifu kuliko iliyong'arishwa, na tofauti huwa kubwa.

Lakini pesa sio hoja yangu. Hebu fikiria ule weupe unaouona umetokea wapi. Ukingoni mwa mtutu umetokana na kuingia na kutoka kwenye mkoba miaka nenda rudi. Mbele na nyuma ya kishikio ni jasho la kiganja chake. Kidole gumba cha mzee kilikuwa kinapumzika mahali fulani ubavuni na ukitazama vizuri utakuta hapo pamefifia kuliko pembeni yake, na kitambaa cha njano nacho kimelainisha kona zote kwa jinsi alivyokuwa anafuta, kuelekea upande mmoja bila shaka, watu wa kulia na wa kushoto hawafuti sawa. Kaka anasema ing'ae kama mpya tuiweke kumbukumbu. Mpya ilikuwa ya kiwanda. Huu uchakavu ndo wa baba, na gurudumu linafuta huo huo kwanza. Nilishawahi kumfanyia mteja kazi ya aina hii nikiwa bado kijana, alitaka, akalipa, nikafanya vizuri kabisa, akaja kuichukua akaishika akaigeuza akasema "hii sio ya mzee" akaketi chini. Tangu hapo kila anayeniletea ya kurithi namwomba akae nayo mwaka mmoja kwanza kabla sijaigusa.

Kutu ni jambo lingine, hiyo lazima isimamishwe, tofauti ni kusimamisha na kufuta. Ile nyekundu inayotoa vumbi ukigusa bado inakula. Fundi ataipaka mafuta mepesi ya bunduki, ataiacha ilowe siku moja au mbili, ataifuta kwa kitambaa laini, na kama imegoma atatumia sufu laini kabisa ya shaba ikiwa na mafuta, taratibu, bila msasa. Itabaki alama ya kahawia iliyotulia au vishimo vidogo, na viache. Na mhalifu ni mkoba. Watu wanapenda kuweka bastola kwenye mkoba wake wa ngozi wakiamini unailinda, ngozi inanyonya unyevu wa hewani na kuukumbatisha kwenye chuma, na mara nyingi ngozi ina mabaki ya chumvi na tindikali za kiwandani. Ndo maana kutu yako ipo upande mmoja, naamini ni upande uliolaliwa na ngozi. Mkoba usiutupe, una jasho lake pia, ila wakae mbalimbali. Bastola ikae sehemu kavu, imefutwa kwa mafuta kidogo tu, imefungwa kwa kitambaa cha pamba kilicholoweshwa mafuta au kwenye sefu yenye vipakiti vya kunyonya unyevu. Vishikio vya mbao visilowe mafuta, vinavimba na kuoza polepole.

Springi. Hapa nina habari nzuri kidogo maana hii ni imani iliyoenea kila mahali na sio kweli kama watu wanavyoisema. Springi nzuri ikikandamizwa ikaachwa hapo haichoki kwa kukandamizwa, inachoka kwa kukandamizwa na kuachiwa mara elfu na elfu. Kwa hiyo springi ya magazini ya mzee iliyokaa kimya inaweza ikawa na afya kuliko ya mtu anayeingia uwanja wa shabaha kila wiki. Kitakachoiua ni kutu au kama ilikuwa dhaifu tangu mwanzo. Ile ninayoitilia shaka mimi ni nyingine, springi kubwa chini ya mtutu inayorudisha slaidi mbele. Hiyo ikilegea slaidi inarudi nyuma kwa nguvu kuliko inavyotakiwa na kugonga fremu, yaani mwili wa chini wa bastola, na chuma cha miaka mingi hakipendi kugongwa hivyo. Ni kitu kidogo, kinabadilishwa, na cha zamani unakitunza kwenye bahasha pamoja na vitu vyake, usikitupe.

Na hilo linatupeleka kwenye kupiga. Inaweza? Mara nyingi ndio. Bastola hizi sio dhaifu. Ukipiga, mtutu na slaidi zinarudi nyuma zikiwa zimeshikana kwa meno yaliyochongwa juu ya mtutu, zinatembea pamoja kipande kifupi, risasi imeshatoka na nguvu ya gesi imeshuka, ndo mtutu unashuka chini kwa nyuma na kuiachia slaidi iende peke yake ikatupe ganda nje. Ni mpango mzuri hasa na bastola nyingi za leo bado zinaufuata. Lakini hayo meno ndo yanabeba kila kitu, kwa hiyo kabla ya risasi hata moja fundi aifungue yote, atazame meno kama yamebonyea, atafute nyufa kwenye slaidi na fremu, aangalie ndani ya mtutu. Risasi nyingi za kijeshi za zamani zilikuwa na kiwashio kinachoacha chumvi ndani ya mtutu, na chumvi haiyeyuki kwa mafuta, inataka maji, kwa hiyo bastola iliyofutwa mafuta kwa upendo kila jioni inaweza ikawa imeliwa ndani na mwenyewe hakujua kamwe.

Risasi zilizomo sasa zisipigwe, wape mamlaka waziharibu. Na kama siku moja itapigwa, zitumike mpya za nguvu ya kawaida, zenye kichwa cha duara, maana hizi za zamani zilitengenezwa kwa kichwa hicho na vingine vinakwama. Tena jina "milimita 9" peke yake halitoshi, yako kama kweli ni Hi-Power yaelekea itakuwa ya 9x19, yaani upana wa risasi na urefu wa ganda kwa milimita, ile inayoitwa Parabellum, lakini kuna 9x17 ya bastola ndogo kama Beretta ya 1934 na kuna 9x18 ya Makarov, bastola ya Kirusi, zote mtu anaweza kukwambia ni tisa. Ile fupi inaweza kuingia kwenye chemba ya ndefu ikakaa vibaya. Soma kilichopigwa kwenye mtutu au slaidi, usichukue neno la mtu.

Kwa maoni yangu binafsi isipigwe, au ipigwe mara moja tu, uwanjani, chini ya msimamizi, kwa kibali, kama wewe unahitaji kusikia mlio aliousikia yeye. Nawaelewa wanaofanya hivyo. Wengine inawapa amani, wengine wanaiweka chini baada ya risasi ya kwanza hawataki tena, na yote ni sawa.

Thamani. Kuna mbili na zinagombana. Ya sokoni inaangalia hali, uasilia wa vipande, alama na idadi iliyobaki. Kwa mfano wenye Luger, bastola ya zamani ya Kijerumani, wanageuza kila kipande kidogo kutafuta namba, kwa sababu namba zilipigwa mpaka kwenye vipande vidogo na kimoja kisipolingana bei inashuka. Wenye M1911 za Vita ya Pili wanataka ule ujivu mkavu wa kijeshi, mtu akiipaka weusi wa kung'aa akidhani anaipendezesha ameiharibu. Colt ile ya 1903 iliyofichwa nyundo, majenerali wa Marekani walipewa, na yenye karatasi inayoonyesha ilikuwa ya jenerali fulani na ile isiyo na karatasi ni dunia mbili, ingawa chuma ni kile kile. Unaona hapo, hata soko lenyewe linalipia habari za mtu. Lakini linalipia za mtu mashuhuri tu. Hi-Power ziko nyingi, ya mzee ikiwa ya kawaida na ina kutu, usitarajie utajiri, mjomba asije akajenga nyumba kichwani. Ikiwa na alama za vita au ina karatasi zake za mwanzo inaweza kupanda. Mthamini anayeaminika aione kwa macho, na asiwe yule yule anayetaka kuinunua.

Ile thamani nyingine haina mnunuzi, ndo maana mjomba haioni. Simlaumu, pengine yeye alimjua baba kwa vitu vingine. Nimekutana na watu wanaolia juu ya Makarov iliyochakaa ambayo sokoni haiwezi kununua chochote cha maana, na nimekutana na mwenye Walther PPK safi kabisa, kwenye boksi lake, ya baba yake, hana hisia nayo hata kidogo maana baba hakuwahi kuigusa. Inategemea mikono tu.

Basi mfanye nini? Kama mmoja wenu anastahili kibali, yupo tayari kwa masharti na ana sefu, iende kwake, ikae ilivyo. Asiwe yule anayeipenda zaidi, awe yule mtulivu zaidi hapo nyumbani, na kama kuna mtu mwenye msongo mkubwa wa mawazo, ulevi au ugomvi usioisha, au hata kama ni wewe na huzuni ya baba imekulemea kiasi cha kuwaza vibaya, itoke nyumbani leo, ikatunzwe na mamlaka au kwa mwenye leseni ya kuhifadhi, na mzungumze na daktari. Hilo silijadili na mtu. Kama hakuna anayestahili kibali, sehemu nyingine wanaruhusu iuawe, yaani fundi mwenye idhini anaiziba mtutu na kukata vya ndani isiweze kupiga tena, unabaki na umbo na uchakavu wote wa nje. Inashusha bei sana na hairudishiki, na mimi kama fundi moyo unaniuma kila nikifanya, lakini kwa familia kama yenu mara nyingi ndo jibu. Ulizeni kwanza kama sheria ya kwenu inatambua kitu hicho. Makumbusho huwa yanapokea ikiwa na historia. Na kuuza kihalali sio usaliti, kama mtaamua hivyo, tunza mkoba, tunza kitambaa, tunza picha zake za karibu, iende kwa mtu anayejua anachonunua.

Kitu ambacho unaweza kuanza leo bila kuigusa ni kuandika. Alipataje, mwaka gani, alikuwa anafanya kazi gani, aliwahi kuitumia au hakuwahi, alikuwa anaificha wapi, kwa nini kitambaa ni cha njano. Andika na usiyoyapenda. Weka nakala ya kibali chake hapo hapo. Mama yako kama yupo hai muulize mapema, na muulize na jambo moja ambalo halipo kwenye karatasi yoyote: Hi-Power ina tabia ya kung'ata, slaidi ikirudi nyuma nyundo inabana ile nyama laini kati ya kidole gumba na cha shahada, waliozipiga sana wengi wana kovu dogo hapo. Muulize kama mkono wa kulia wa mzee ulikuwa nalo.